Jiwe Mama

Mimi ni mtu wa kujiamini, na sioni haya kulisema. Nikikwambia mwamba huu ulizaliwa baharini, basi ulizaliwa baharini, hata kama leo umesimama katikati ya shamba la mtama na mbuzi wamelala juu yake. Kwa hiyo Mhandisi Maisori aliponiuliza kwa mara ya mwisho kama Mchwa azame kijijini Ketare, sikupepesa macho.

"Azame," nilisema. "Keshokutwa, palepale nilipoonyesha."

"Una hakika, Daktari Weigesa?"

"Mura, wasiwasi ungekuwa nao mwaka jana. Leo umechelewa."

Akacheka. Maisori alikuwa mkuu wa mradi, kijana kwangu kwa umri, ndiyo maana namwita mura, na alikuwa amezoea ulimi wangu. Alikuwa na kila sababu ya kuuliza mara mbili. Mchwa alilala kwenye sanduku lake nje ya kituo, mrefu kuliko nguzo ya umeme: mashine inayotafuna mwamba na kujipenyeza chini kilomita kadhaa, ikiacha bomba nyuma yake. Akishaingia hatoki. Nchi nzima tulikuwa naye mmoja.

Alikuwa anakwenda kutafuta haidrojeni, ile gesi inayojitengeneza yenyewe pale maji yanapokutana na mwamba wa kijani uliotoka tumboni mwa dunia. Miji ya ziwani ilikuwa ikikaa gizani kwa zamu. Wauguzi walikuwa wanachagua wodi ipi iwashwe na ipi isubiri. Gesi hiyo ingemaliza habari hizo zote, na walioambiwa waionyeshe ilipo ni mimi na Nasaba wangu.

Nasaba ni mashine pia, lakini hachimbi. Unampa vumbi la mwamba, anapima kila kilichomo, hadi vile vitu vilivyomo kwa kiasi cha chembe tu, halafu anakutajia ukoo. Sakafuni mwa kituo huwa anaichora nchi kwa mwanga, na ukitaka anairudisha nyuma miaka bilioni mbili na nusu, wakati hapa palikuwa bahari. Sakafu moja ya bahari ilikuwa inazama chini ya nyingine, na juu yake volkano zikajipanga visiwa kwa visiwa, mstari uliopinda. Huo ndio upinde wa volkano.

Sasa upinde nao hukua. Ukiwa mchanga, gamba la dunia chini yake ni jembamba. Ukizeeka gamba linanenepa, na kule chini kwenye mgandamizo ganeti, vile vijiwe vyekundu, zinazaliwa na kuishika metali iitwayo itriamu isipande juu. Strontiamu, metali nyingine, yenyewe inapanda na lava bila wasiwasi. Kwa hiyo ukikuta mwamba una strontiamu tele na itriamu kiduchu, ujue mama yake alikuwa mnene. Ukikuta vyote viko sawasawa, mama alikuwa bado binti.

Ketare, Nasaba alikuwa amekuta mama wawili kwenye kijiji kimoja. Boma hili mwamba wa upinde mchanga, boma la jirani mwamba wa upinde mkongwe, huku na huku, kijiji kizima. Mimi niliposoma hivyo nilipiga makofi. Maana yake ni kwamba pinde mbili ziligongana hapo, na mwamba wa kijani hunaswa kwenye mshono wa mgongano. Watu wa Ketare wakaombwa wahame. Walibisha miaka miwili, tukawaambia mwamba wenyewe umesema, wakachoka, wakakubali.

*

Siku hiyohiyo nilikwenda Ketare kumsaidia dada yangu Robi kufunga mizigo. Robi ndiye mkubwa wangu. Aliolewa huko akitokea kwetu Nyarombo, ng'ambo ya bonde, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kuniona mimi kama daktari wa kitu chochote.

"Umekuja kusimama au umekuja kusaidia?" aliniuliza kabla sijashuka garini.

Malori yalikuwa yamejipanga kimya barabarani. Nilitegemea kukuta makochi na vitanda vimetangulia, lakini kila lori lilikuwa na mawe. Mawe ya kusagia. Wanawake walikuwa wanayabeba wawili wawili, wameyafunga kwenye kanga na mablanketi, na kumfokea kila mwanamume aliyetaka kusaidia.

Kwetu binti akiolewa, mama yake humpa jiwe la kusagia ulezi. Siku hizi unga unatoka kiwandani, hakuna asiyejua hilo, lakini jiwe liko jikoni, na uji wa mzazi lazima ulezi wake upite juu yake. Mwanamke hahami akaliacha. Afadhali aache mume, Robi husema, maana mume ana miguu, atafuata.

"Shika huku," alisema. "Na usinitegee."

Tukainua. Mkono wangu ukagusa ukingoni, nikahisi mahali palipokatwa, laini kama sabuni, ukubwa wa kidole gumba. Najua mkato huo. Ninao maelfu kituoni.

"Robi, tulitue."

"Tumetoka kuliinua!"

"Tulitue. Nani alikata hapa?"

"Si nyinyi?"

"Sisi nani?"

"Kidege chenu." Alijipangusa jasho. "Kilitua hapo mlangoni, kikapiga hodi vizuri, na adabu zake zote. Kikasema, 'Naomba kipande cha jiwe mama la boma hili.' Nikashangaa, serikali inataka nini na jiwe la mama? Lakini ndiyo kimeomba, utamnyima mgeni? Nikakiingiza jikoni."

Mungu wangu. Nilikaa juu ya lile jiwe, na Robi akanifokea niondoke, na sikuondoka.

Tangu Sheria ya Kuomba ipite, hakuna mashine inayogusa hata kokoto ya mtu bila ruhusa ya mwenye boma. Ndiyo maana tulikuwa na videge visivyo na rubani, vyenye kusema. Mimi kwa mkono wangu niliagiza viombe mwamba mama, yaani ule mwamba uliopo mahali pake ardhini, uliozaa udongo wa hapo. Kumbe mtu fulani aliyekuwa akivifundisha Kiswahili cha kirafiki aliona neno mwamba ni gumu kwa watu wa vijijini. Akaweka jiwe. Jiwe mama. Na hapa kwetu mwanamke ukimtajia jiwe na mama kwa pumzi moja, anakupeleka jikoni.

"Mama Nyamburi!" nilimwita jirani aliyekuwa kwenye lori la pili. "Jiwe lako lina mkato?"

"Linao! Na nilikiambia kidege kikate pembeni, kisiniharibie uso."

"Wewe ulizaliwa wapi?"

Wanawake wote waliokuwa karibu wakacheka. Robi ndiye aliyejibu. "Huyu msomi amesahau kwao. Nusu ya wanawake wa Ketare ni wa Nyarombo, na mawe yetu tulikuja nayo kutoka mlima wa Nyarombo. Ulitaka tuolewe mikono mitupu?"

Hapo nikajua. Walioozwa hapahapa, na wanaume wasiojua habari za jikoni, walikionyesha kidege mwamba wa uwanjani. Waliotoka Nyarombo walikionyesha jiwe la mama. Nasaba hakuwa ameona pinde mbili zikigongana Ketare. Alikuwa ameona harusi. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, halafu nikakumbuka Mchwa na kicheko kikanikauka.

"Dada, acheni kupakia."

"Weigesa, usinitanie."

"Sitanii. Acheni kwanza, nitarudi na jibu."

"Miaka miwili mmetuchosha vichwa tuhame. Leo nimefunga mpaka vijiko, ndiyo unaniambia niache kupakia?" Alinitazama kwa macho yale ya mama. "Kama umekosea, sema umekosea."

"Nadhani nimekosea," nilisema, na sipendi kulisema neno hilo hata leo.

*

Kituoni nilimwambia Nasaba atoe mawe yote ya jikoni na akisie upya mshono ulipo. Alichukua muda kidogo. Mshono uliokuwa umepita Ketare ukafifia, ukateleza kuvuka bonde, ukapanda na kusimama chini ya Nyarombo. Nilisogeza mwanga karibu. Ulikuwa umepita chini ya boma letu, nyuma ya jiko la mama yangu.

Maisori alisimama kando yangu akisoma. Sikuwa na haja ya kumwambia boma lile ni la nani, aliwahi kula hapo.

"Pole," alisema.

"Pole haihamishi Mchwa. Mzuie."

"Siwezi kumzuia kwa hili. Umetoa mawe, hujaweka kitu. Kutoa tu hakuthibitishi." Na hapo alikuwa sahihi, kijana yule anajua kazi yake. "Nahitaji mwamba wa Nyarombo uliokatwa mahali pake. Nasaba akiusoma akasema ni mkongwe, namhamisha Mchwa leo leo. Bila huo anazama Ketare. Wageni wameshaalikwa, na juu yangu kuna watu wasiosikiliza habari za mawe ya kusagia."

"Atazama pakavu. Hatutampata mwingine."

"Basi tuma kidege Nyarombo. Mama yako atakinyima jiwe?"

"Hatakinyima. Ndilo tatizo."

"Sijakuelewa."

"Atatoa bila kujua linakwenda kufanya nini. Jiwe lile likifika hapa, Mchwa anaelekea uwanjani kwake."

Maisori alishusha sauti. "Sheria inasema omba, Daktari. Haisemi eleza. Ukimweleza akakataa, Ketare wanahama bure, Mchwa anakufa, na mjini wataendelea kuchagua wodi. Wewe mwenyewe unalijua hilo kuliko mimi. Omba tu jiwe. Mengine yatazungumzwa baadaye."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kumweleza mama akasema hapana, na niliogopa zaidi kutomweleza akasema ndiyo. Nilichukua nyundo yangu badala ya kidege, nikamwambia Maisori asubiri.

*

Nilimkuta mama, Mokami binti Sasi, akipepeta ulezi uani. Ameinama hivyo mgongo tangu nizaliwe na bado anapepeta haraka kuliko mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko kwenu mnakula mawe?"

"Nimekuja kuomba."

"Omba."

"Naomba kipande cha mwamba, ule ulio nyuma ya jiko."

"Na hilo nalo la kuomba? Si upo siku zote. Chukua." Akaendelea kupepeta.

Nyundo ilikuwa mkononi. Mwamba ulikuwa hatua chache tu, mweusi, wenye madoa meupe, nimeupanda utotoni hadi magoti yakachubuka. Nilikuwa nimeomba, nimepewa. Sheria yote ilikuwa imetimia pale.

"Mama, ile ruhusa irudishe kwanza," nilisema. "Sijamaliza."

Nikamweleza. Nilimweleza kidege na jiwe mama, akacheka, akapiga paja. Nilimweleza pinde za volkano, gamba jembamba na gamba nene, akasema haya, mama mnene na mama mwembamba, endelea. Nilimweleza mshono ulipopita. Hapo aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo nikikupa jiwe, mashine inakuja hapa."

"Itataka kuja, ndiyo. Na ikija, boma hili na majirani wa mstari huu mtahama."

"Nisipokupa, inakwenda kwa Robi."

"Inakwenda kwa Robi, na itafia huko bila kupata kitu."

"Watu wa Ketare mliwaambia haya kabla ya kuchukua mawe yao?"

"Hapana, mama."

"Mliwapigia hodi tu."

"Tuliwapigia hodi tu."

"Mwone!" Alinitazama juu mpaka chini. "Watu wazima, na elimu zenu zote, mnamtuma ndege aombe jiwe la uzazi na hamsemi la nini. Mchawi huomba hivyohivyo, mwanangu. Unywele kidogo, kipande cha kanga, hasemi la nini."

Nilisimama na nyundo yangu, na nilijisikia vibaya sana. Kuku wakaufikia ulezi na hakuwafukuza.

"Robi ameshafunga vyombo?"

"Mpaka vijiko."

"Haya, kata," alisema. "Kata wewe, mimi mgongo unaniuma."

*

Nasaba alisoma jiwe la nyuma ya jiko na kusema ni mkongwe, strontiamu tele, itriamu kiduchu, gamba nene kuliko yote tuliyowahi kupima nchi hii. Maisori alitimiza ahadi. Aliwapigia wakubwa wake, akatukanwa, akarudi ameng'aa uso na kusema Mchwa hazami Ketare. Robi na wenzake walishusha mizigo huku wakitupa matusi ambayo mama yangu asingependa niyarudie, na nilistahili karibu yote.

Tukabaki na Nyarombo. Kwa mujibu wa sheria, kila boma lililo juu ya mshono lazima likubali, na moja likikataa, shimo limekufa. Maisori alitaka tutume videge.

"Nitauliza mwenyewe," nilisema. "Na nitaeleza kwanza."

"Wakikataa?"

"Basi tutakuwa tumekataliwa. Hujawahi kukataliwa wewe?"

Watu wa Nyarombo walikusanyika uwanja wa shule, mchana, kila boma limekaa na watu wake. Nilisimama mbele na nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza popote. Sikuficha chochote. Nilisema Nasaba safari hii hajakosea, na kwamba safari ile alikosea kwa sababu yetu. Nilisema habari za wodi zenye giza na watoto wanaozaliwa kwa tochi. Nilisema mtakaohama mtahama kweli, na makaburi yatabaki chini ya mitambo. Nilitaka wakubali. Nimeutafuta mshono huo tangu nikiwa msichana mwenye nyundo ya kuazima, na sasa ulikuwa chini ya miguu yangu, na gesi iko, naapa iko.

"Naanza na boma la mama yangu," nilisema.

Mama alisimama. Wengine wakatabasamu, kwa kuwa kila mtu alidhani anajua jibu la mama mbele ya mwanawe.

"Nakataa," alisema.

Minong'ono ikapanda. Maisori, aliyekaa pembeni yangu, alifumba macho.

"Mama," nilisema, na sauti ilinitoka ndogo, "pengine sikueleza vizuri."

"Umeeleza vizuri sana. Ndiyo maana nimejua kitu cha kukataa." Hakuwa na hasira hata kidogo. "Jiwe nilikupa ili dada yako asihamishwe bure. Uwanja sikukupa. Hayo ni maombi mawili, Weigesa. Baba yako amelala pale, na mimi nitalala pale. Watu wa mjini nawaonea huruma, kweli nawaonea, na jibu langu ni hapana."

Nilikuwa na maneno ya kumjibu. Nayajua maneno ya kumwaibisha mama yangu mbele ya majirani hadi akubali, nani anayajua kuliko mimi? Yalinifika mdomoni. Nilimtazama pale aliposimama, mdogo, ameshikilia kanga yake, anangoja aone nitafanya nini, na machozi yakanitoka hadharani mbele ya kijiji kizima kilichonilea.

"Asante, mama," nilisema. "Nimekusikia."

Akaitikia kwa kichwa, akakaa. Nikajifuta uso kwa mkono wa shati, nikamgeukia Mzee Getaro wa boma linalofuata, babu mwenye redio kifuani ambaye alikuwa hajazima matangazo tangu nianze kuongea.

Maisori alinivuta shati. "Ya nini tena?" alininong'oneza. "Shimo limeshakufa."

"Huyu bado hajaulizwa," nilimjibu, nikamwomba mzee azime redio, nikaanza kueleza upya tangu mwanzo.